Kamera ya Miguu Mitatu Mbotela

Jumamosi asubuhi kijana mmoja alisimamisha kifaa cha miguu mitatu mbele ya nyumba zetu hapa mtaani Mbotela, na chai ikapoa mezani. Sisi wapangaji wa nyumba kuukuu za kaunti tukiona miguu mitatu tunaona mpimaji ardhi, na nyuma yake tunaona tingatinga.

"Buda, unapima nini?" akauliza jirani yangu fundi viatu, nyundo mkononi.

"Napima mwanga tu."

Nani angemwamini? Akavuta shuka jeusi lililofunika kifaa, tukaona ni kamera ya mbao, kubwa kama redio ya zamani. Lakini alipotoa kioo chekundu, mtu akanong'ona kwamba hiyo ndiyo rangi ya ile X wanayochora ukutani kabla ya kubomoa.

"Hiki ni cha kufanya mawingu yaonekane," akajitetea, akikifunga mbele ya lenzi. "Picha yenyewe haina rangi."

Alikuwa amebakiza kipande kimoja tu cha filamu, na shosho, bibi mzee wa nyumba ya mwisho, alikuwa ameshakaa mlangoni, amevaa nguo ya kanisa, tayari kupigwa picha. Lenzi ndefu ingeutoa uso wake vizuri. Lenzi pana ingeingiza nyumba zote, naye aonekane mdogo kama kuku.

"Shosho, nitumie gani?"

"Weka ile ya nyumba," akasema bila kututazama. "Uso nitahama nao."

Kijana akapiga. Alipokuwa akifungasha, sisi tuliotaka kumfukuza ndio tuliomsihi arudi na filamu zaidi, upesi, kabla mpimaji wa kweli hajafika.