Jina Ubavuni mwa Robota

Nikisikia selotepu ikivutwa, ule mlio wake unaotia meno ganzi, narudi Guangzhou, jengo la Tianxiu Dasha, kwenye ofisi ya baba iliyonukia nguo mpya.

Baba alikuwa Mzanzibari, mama Mchina. Shuleni niliitwa Lin Yue, nyumbani, Zuhura. Wafanyabiashara wa pale kila mmoja alikuwa na alama ya mzigo wake, na wengi walitumia majina ya watoto wao. Basi kila robota la baba liliandikwa ZUHURA ubavuni kwa wino mweusi. Nilikuwa na miaka kumi na, nakwambieni ninyi tu, nilikuwa nikilionea haya jina hilo.

Mwaka huo mwongozaji wa filamu kutoka Japani, mzee mpole, aliomba kupiga picha ofisini kwetu. Baba alimwita laoban, yaani bosi, lakini baba alimwita hivyo hata mfagiaji. Mimi nilipewa kazi ya kukaa juu ya marobota nikila chungwa.

Nikamwambia baba ayageuze, majina yaelekee ukutani, maana darasa zima lingeiona filamu.

"Mzigo usio na jina hupotea, mwanangu," akasema. Kisha akayageuza yote, moja moja, peke yake.

Mwongozaji aliona. Wakati wa chai alinihadithia, kwa Kichina chake cha kuchechemea, kwamba mama yake alikuwa Mkorea. Filamu zake nne za mwanzo, hata ile iliyompa tuzo, alizitia jina la upande wa baba yake tu, akiogopa kuambiwa si Mjapani kamili. Kila filamu ilipoonyeshwa, mama yake alibaki kitini akisoma majina mpaka taa zikawashwa. Katika ya tano aliandika majina yote mawili. Mama yake alikuwa ameshakufa.

"Wewe nikuandike nani?" akaniuliza.

"Lin Yue," nikajibu, nikaendelea na chungwa langu. Sikio la kufa halisikii dawa.

Filamu ilipotoka tuliitazama nyumbani. Ilipokwisha, mama aliinuka kwenda kuosha vyombo. Baba akabaki, ameinama karibu na kioo cha televisheni, majina yakipanda, mpaka kioo kikawa cheusi.

Nilimuuliza kama amependa muziki. Akasema ndiyo, mzuri sana, nami nikamwamini kwa miaka mingi.

Nilikuja kuelewa ukubwani alikuwa akitafuta nini, na moyo ukaniuma. Nikampigia simu Unguja kumwomba radhi. Akacheka, akaniuliza kama nimekula.