Ukurasa Usiokatwa

Kwa miaka kumi na sita Damaris Fewtrell aliwafundisha mabinti wa Aldercote kushona, kuandika barua na kuketi bila kuegemea kiti. Na kwa miaka hiyo hiyo, kila asubuhi kabla wanafunzi hawajafika, aliandika hadithi za mabinti waliotoroka kwao kupitia dirishani. Hakuona mgongano wowote. Mtu aliyefundishwa kuketi namna ile, dirisha lazima alione.

Alikuwa binti wa mshona glavu, na hakuolewa. Watu walisema ni kwa sababu ya pua yake. Yeye alijua ni kwa sababu hakuwahi kucheka mizaha ya wanaume wa mji ule, nao walikuwa na mzaha mmoja tu. Vitabu vyake vilichapishwa London, na mahali pa jina paliandikwa: Kimetungwa na Bibi Mmoja. Ndiyo iliyokuwa desturi. Mwanamke wa heshima aliruhusiwa kuwa na kalamu mradi asiwe na jina. Nyumba ya shule ilikuwa mali ya kanisa, na Mchungaji Septimus Lutwyche ndiye aliyeamua nani akae humo. Siku jina lingejulikana, shule ingefungwa kabla chai haijapoa.

Kitabu cha nne, Masaibu ya Melisinda, ndicho kilicholeta balaa. Ndani yake mlikuwa na kasisi mnene aliyehubiri juu ya kufunga huku pua yake ikimfuata bata bukini aliyekuwa akiokwa jikoni. Mchungaji Lutwyche alikilaani kitabu hicho Jumapili tatu mfululizo. Alisema kinawafanya wajakazi waunguze mikate. Kufikia Jumapili ya tatu, hapakuwa na nyumba ya maana Aldercote iliyokosa nakala.

Kisha ikavuma kwamba mtungaji anaishi papo hapo mjini, kwa kuwa daraja la kitabuni lilikuwa na ufa kama wa daraja lao. Mchungaji akaita kikao sebuleni kwake. Alikuwapo mama yake mzazi, bibi kizee mwenye macho makali, na Bi Arabella Cressett, mke wa mwenye mashamba, ambaye binti zake watatu walisoma kwa Damaris. Na Damaris mwenyewe aliitwa.

"Tutakisoma hapa hapa, tumjue mwovu kwa maneno yake," alisema Mchungaji. "Bi Fewtrell, utusomee wewe. Sauti yako haiwezi kumwasha mtu."

"Kama uji wa jana," Bi Cressett aliongeza kwa upole.

Bibi kizee akaenda kuleta nakala ya mwanawe. Siku hizo kitabu kilitoka kwa mpiga chapa kurasa zikiwa zimeshikana ukingoni, na msomaji alizikata mwenyewe kwa kisu kadiri alivyosonga mbele. Kitabu cha Mchungaji hakikuwa kimeguswa na kisu hata mara moja.

"Septimus, mwanangu," alisema mama yake, "wiki zote hizo ulikuwa unahubiri nini?"

"Mtu halazimiki kuonja sumu, mama, ndipo aikataze."

"Haya. Arabella, wewe uliyelia kanisani mpaka ukashikiliwa, lete yako."

Bi Cressett alijipepea kwa kasi. "Yangu nayo... ni nzima. Nililia kwa jinsi Mchungaji alivyoeleza."

Miaka kumi na sita Damaris alikuwa ameogopa kusomwa. Haikumjia hata siku moja kuogopa kutosomwa. Alijiona kama mtoto aliyejificha nyuma ya mlango mchana kutwa, kumbe wenzake walishakwenda kula.

Bibi kizee akashika kisu, akaketi karibu naye, akawa anakata na Damaris anasoma. Kikombe cha pili cha chai kilipomiminwa, Bi Cressett alikuwa ameacha kujipepea. Kasisi mnene alipoingia, Mchungaji alicheka mpaka akajipiga paja. "Namjua huyu! Ni mwenzangu wa parokia ya jirani, na tumbo lake lote!"

Ndipo wakafika kwenye barua ya Melisinda kwa baba yake, usiku wa kutoroka. Damaris aliitunga barua ile majira ya baridi aliyomzika baba yake, mshona glavu. Macho yake yaliondoka kitabuni yakaenda dirishani, na maneno yakaendelea kuja yenyewe, moja baada ya jingine, mpaka mwisho. Bi Cressett alilia kwa sauti.

"Bi Fewtrell," alisema bibi kizee, kisu kikiwa mapajani, "ukurasa huo sijaukata bado."

Wote wakatazama. Kweli, barua ilikuwa bado ndani ya karatasi iliyofungamana.

Bi Cressett ndiye aliyemfungulia njia. "Atakuwa amekisoma nyumbani. Si ndiyo, shoga? Umekisoma ili uwakinge wanetu."

"Bila shaka," alisema Mchungaji. "Na sasa nimemjua mtungaji. Si wa hapa, wala si mwanamke. Barua ile ni ya mwanamume msomi, aliyempoteza baba yake."

Alichotakiwa ni kuitikia kwa kichwa tu. Nyumba ingebaki, na wanafunzi wake kumi na wawili pamoja nayo.

"Baba ni wangu," alisema Damaris. "Na barua ni yangu."

Mchungaji alisimama, uso mwekundu. "Kesho utahama nyumba ya kanisa!"

"Kesho!" Bi Cressett alipiga ukelele. "Na Melisinda je? Mguu mmoja uko nje ya dirisha!"

Walibishana robo saa. Ikaamuliwa kwamba uchunguzi lazima ukamilike, kwa hiyo mkosaji atafukuzwa Jumamosi, na mpaka hapo atakuja kila alasiri kusoma. Siku nne walimlilia Melisinda, wakampa Damaris keki, wakamkalisha karibu na moto kwa ajili ya koo lake. Ijumaa Melisinda akazikwa. Mchungaji alifuta machozi, akatia sahihi barua ya kumfukuza.

Damaris alipanga chumba katika mji wa Worcester, juu ya duka la mishumaa. Masika yaliyofuata Bi Cressett alizipanda ngazi zile akihema, amekuja kwa gari lake la farasi mwendo wa siku nzima.

"Wanasema unaandika kingine. Niambie mimi tu, shoga. Huyu naye atakufa?"

"Nani anawafundisha watoto sasa?"

"Watoto? Aa, hakuna. Mchungaji anasema wanajua kushona, yatosha. Lakini huyu msichana, atapona?"

Damaris alimtazama. Hakukuwa na ubaya wowote katika uso ule, ila hamu tu.

"Sijaamua," alisema, akamvutia kiti.