Gari Linalomngoja Mwenyewe

Siku tulipomzika mume wangu hapa Kamina, dada yake alimwekea simu yake ndani ya jeneza. Alisema mtu hasafiri bila kitu alichokipenda. Wote tuliitika, maana kwetu marehemu haendi mikono mitupu.

Sasa kila asubuhi nikiwasha gari aliloniachia, kioo chake cha dashibodi kinaniambia kwamba programu mpya ya breki imefika kwa intaneti, lakini mwenye gari akubali kwanza kwa simu yake. Nilimwita fundi, nikamfokea: anayeendesha ni mimi, marehemu breki za nini?

"Mama, hiyo njo usalama yake," akanijibu. "Gari haiitike muntu ingine, juu mwizi asitume programu ya uongo. Tufute jina ya marehemu papa, tuandike yako."

Kidole chake kilikuwa tayari kwenye kitufe. Nikamshika mkono.

Ndugu za mume wangu walimaliza kilio, wakarudi Kaniama. Mimi mwenyewe kitandani nimeshaanza kulala katikati. Gari peke yake ndilo bado linamngoja. Nilimwambia fundi aende zake, breki zibaki vile zilivyo.