Wasimamizi wa Mzee Mstari

Wapo wanaoamini kwamba Mungu huita watu kwa ngurumo tu. Hao wangekaa kidogo na dobi mmoja aliyekuwa na chumba cha kazi chini ya jengo la ghorofa, ukuta kwa ukuta na duka la vifaa vya ujenzi. Wateja walimwita Mzee Mstari, kwa sababu suruali iliyopita mikononi mwake ilitoka na mstari wa mbele ambao, kwa maneno yao, ungeweza kukatia mkate. Jina alilopewa na wazazi lilijulikana na mdogo wake wa kike peke yake, na huyo alikuwa mbali, na alimwita Kaka.

Alikuwa mrefu, mwembamba, bega moja limeshuka kwa kuisukuma pasi miaka nenda miaka rudi. Aliwajua watu kwa nguo zao. Alijua nani amenenepa kabla mwenyewe hajakubali, na nani ameanza kazi mpya kwa jinsi kola zilivyokuja. Lakini ukimwuliza ni lini mara ya mwisho alikaa kitako na mmoja wao, mkazungumza mpaka chai ikapoa, angejishughulisha na kifungo.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Ujanani alikuwa na marafiki na alikuwa na mchumba. Kisha mama yake akapooza upande mmoja, naye akamchukua akae kwake. Mchumba alikuja, akaona, akasema atarudi, na hadi leo yuko njiani. Mwanzoni wageni walikuja na matunda. Baadaye wakawa wanatuma salamu. Mwishowe wakawa wanamwuliza barabarani, "Mama anaendeleaje?" huku miguu yao haisimami. Mchana alifunga chumba cha kazi akaenda kumgeuza mama na kumlisha, jioni vivyo hivyo, na harusi za watu zikapita, na vikao vya watu vikapita. Hakulalamika. Alimpenda mama yake, na mama alikuwa na maneno matamu hata mdomo ulipopinda.

Mama alipofariki nyumba ilijaa watu siku chache, kisha kila mtu akatafuta viatu vyake mlangoni akaenda zake. Tangu hapo Mzee Mstari alikuwa akitoka asubuhi anaiacha redio inazungumza, ili akirudi akute mtu anasema kitu.

Basi Jumapili moja, baada ya mahubiri, alisimama karani mmoja wa benki ambaye kanisani alijulikana kama Dada Mkuu, mwanamke mwepesi wa miguu na wa ulimi. Alitangaza safari ya injili ya wiki mbili ng'ambo. Wangepaka rangi shule ya watoto yatima, na jioni wangehubiri.

"Nisiwadanganye," alisema. "Hakuna hoteli. Tutalala ukumbi mmoja, wanaume huku, wanawake ng'ambo ya pazia. Na tutakula meza moja, asubuhi na jioni. Anayependa starehe abaki na mto wake."

Waumini waliguna. Wengine waliotaka kwenda walisikia habari ya yatima, wengine habari ya injili, na mmoja au wawili walisikia habari ya ndege. Mzee Mstari alisikia "ukumbi mmoja" na "meza moja". Alinyoosha mkono kabla hajajua kwamba amenyoosha. Mimi sitamcheka. Kama Mungu anataka mtu atoke nyumbani, sioni kwa nini asitumie mlango uliokuwa wazi.

Mikutano ya maandalizi ilifanyika Jumamosi kwenye chumba cha shule ya Jumapili, watu wazima wamekaa kwenye viti vya watoto, magoti yamefika kidevuni. Walijifunza nyimbo, wakapangiwa siku ya chanjo, wakafundishwa kutoa ushuhuda kwa ufupi. Kisha Dada Mkuu akaeleza habari ya msaada.

"Kila mmoja atatafuta vitu viwili. Cha kwanza, nauli. Cha pili, wasimamizi watatu. Hao watakuombea kila siku ukiwa huko, na Jumapili ya kuagwa watakuja mbele, wasimame nyuma yako, wakuwekee mikono. Mimi sihesabiki, mchungaji hahesabiki, na msafiri hamsimamii msafiri mwenzake. Nataka watu wako mwenyewe. Hela bila maombi ni nauli tu, hata mtalii anayo."

Wengine walishika vichwa kwa ajili ya nauli. Mwanafunzi mmoja wa chuo alisema wasimamizi si tatizo, ana mashangazi wa kujaza basi, lakini nauli ataitoa wapi? Kwa Mzee Mstari mambo yalikuwa kinyume. Alianza kuhesabu watu watatu, akafika kwa mdogo wake, akakwama hapo.

Jumatatu alianza na jirani yake, mwenye duka la vifaa. Alikuwa ameyapanga maneno vizuri: jirani, nina safari ya kanisa, na ninaomba uwe msimamizi wangu. Alisimama mbele ya kaunta, kati ya ndoo za rangi na mafungu ya misumari.

"Jirani, nina safari ya kanisa, na..."

"Usiseme mengi, ndugu yangu," jirani alimkatiza, tayari anavuta droo. "Mkono mtupu haulambwi. Chukua hii, ni kidogo lakini ina moyo. Mungu akutangulie!"

Mzee Mstari alibaki na noti mkononi na nusu ya sentensi mdomoni. Angeweza kusema, hapana, si hela. Lakini utamrudishiaje mtu sadaka yake mbele ya wateja wake? Uso umeumbwa na haya. Alishukuru kwa mikono miwili, akatoka.

Ikawa hivyo kila alipokwenda. Mwalimu mkuu wa shule ya msingi, mama wa sketi za kijivu, alimsikiliza mpaka kwenye neno "safari" akamtumia hela kwa simu palepale huku akisema, "Wewe umenitunzia heshima mbele ya wanafunzi, mzee wangu." Dereva wa lori aliyeleta ovaroli zake alitoa mfukoni bila hata kuzihesabu. Watu walikuwa wema, tena wema wa kweli. Mtu akija kwako amejinyoosha hivyo, amevaa shati safi katikati ya wiki na kuanza na "nina safari", utadhani anataka nini kingine? Na yeye kila mara alijiambia, huyu nitamwambia sehemu ya pili. Kila mara sehemu ya pili ilirudi tumboni.

Alimpigia mdogo wake simu.

"Kaka! Ng'ambo? Wewe?" Dada mtu alicheka mpaka akakohoa. "Kwani huko hawana madobi?"

"Siendi kufua. Sikiliza, Jumapili ya kuagwa wanataka watu wa kusimama nyuma yangu. Nilifikiri labda wewe na shemeji..."

"Jumapili hiyo hiyo? Kaka, watoto wana mitihani, na shemeji yako kazi zake unazijua. Kuomba nitakuombea, Mungu shahidi. Ila kuja... Ngoja nikutumie kitu. Usikatae, wewe umezoea kukataa."

Hela zilifika kabla hajaiweka simu chini.

Jumamosi iliyofuata Dada Mkuu alimsimamisha mbele ya wenzake. "Mwoneni mwenzenu! Nauli imekamilika, tena imezidi. Nyinyi wenye maneno mengi bado mnazungushana. Mzee, hebu tufundishe, unawaombaje?"

"Nasema nina safari," alijibu. "Basi."

Walicheka, wakampigia makofi, na mwanafunzi akaandika "nina safari" kwenye kiganja chake kwa kalamu. Dada Mkuu akauliza, makofi bado yanalia, "Na wasimamizi wako tayari?"

"Watakuja," alisema Mzee Mstari.

Ulikuwa uongo, na ulimwuma njia nzima ya kurudi. Si kwamba angezuiwa kupanda ndege. Nauli ilikuwepo, nafasi yake ilikuwepo. Alichoogopa ni kusimama mbele ya watu wote na nyuma yake pawe ukuta, kila mtu aone kile ambacho yeye alikuwa amekificha kwa redio.

Ijumaa ya mwisho alijaribu tena. Chumba cha tatu kutoka kwake aliishi fundi wa cherehani, mjane mwenye watoto wawili, mtu wa kusalimiana naye asubuhi na jioni. Mlango ulikuwa wazi. Alikuwa mezani na watoto wake, wanakula.

"Karibu, mzee, karibu chakula!"

"Ahsante, nimeshakula," alisema. Alikuwa hajala tangu asubuhi, lakini mdomo umezoea.

"Haya, kaa basi. Kuna jambo?"

Kiti kilikuwepo. Mtoto mdogo alikuwa ameshakisogeza kwa mguu. Mzee Mstari aliangalia meza, mikono minne midogo, bakuli la mboga katikati, na akaona kwamba akikaa pale hatajua ni saa ngapi mtu anatakiwa kunyanyuka.

"Hapana, nilikuwa napita tu."

Aliondoka haraka kama mtu aliyeacha maji motoni. Chumbani kwake alikaa kitandani na viatu vyake, akalia. Nasema wazi kwa sababu yeye mwenyewe hakuona aibu ya kulia. Aibu yake ilikuwa kwamba hakuna aliyesikia, na kwamba jambo hilo lilimfariji.

Jumapili wasafiri walipangwa mbele, mashati meupe, yote yamenyooshwa na yeye bure siku iliyotangulia. Ndiyo kusema hakukuwa na mstari uliopinda mbele ya madhabahu siku hiyo. Mchungaji aliita mmoja mmoja. Mashangazi wa mwanafunzi walikuja kama alivyosema, wakasukumana kupata bega la kushika. Msafiri mwingine, fundi mwashi, alisimamiwa na mke wake, kaka zake na wenzake wa kazini, mmoja hata hakuwa wa kanisa lolote, kofia mkononi, anaangalia dari. Hata Dada Mkuu mwenyewe alikuwa na mama yake, bibi kizee aliyeletwa pamoja na kiti chake.

"Wasimamizi wa ndugu yetu, Mzee Mstari, waje mbele."

Hakuna aliyesimama. Mchungaji aligonga kipaza sauti kwa kidole, akidhani kimezimika, akarudia. Watu wakaanza kugeuka kuangalia mlangoni. Mtoto akauliza kitu, akanyamazishwa.

"Mchungaji, usiwaite," alisema Mzee Mstari. Hakuwa amepanga kusema. "Hawapo. Sikuwaambia."

Mchungaji alimsogezea kipaza sauti, pengine kwa kukosa la kufanya.

"Mlinipa hela," aliendelea, na sauti yake ikajaa kanisa lote mpaka yeye mwenyewe akashtuka. "Wengi wenu, na wengine wasiokuwepo hapa. Mlinipa kabla sijamaliza kusema, na mimi nikapokea. Nawashukuru. Nauli ilitimia zamani. Lakini sikuja kwenu kwa nauli. Nilikuwa natafuta watu watatu. Nguo zenu nazijua zote, na sijui nimwite nani. Mama yangu alipoondoka... sina mtu. Ndivyo ilivyo. Sina mtu."

Mzee mmoja wa kanisa, mtu mwenye machozi ya karibu, akasimama anajifuta macho.

"Jamani! Ndugu yetu amesema kwa uchungu. Tutamwacha hivi hivi? Asiye na wake ana Mungu! Tumchangie!"

"Tumchangie!" kanisa likaitika, kwa moyo wote. Wimbo ukaanza. Kikapu kikapita, na watu walitoa, walitoa kweli, wengine wakilia. Usiwalaumu sana. Mkono uliozoea kwenda mfukoni hauijui njia nyingine. Mwenye duka la vifaa, aliyekuja siku hiyo kwa heshima ya jirani yake, alitoa mara ya pili. Hakuna aliyetoka kwenye benchi lake.

Mhudumu wa zamu alikuwa mwanamume mnene mwenye utepe begani na jasho shingoni. Alileta kikapu kimejaa, akakiweka chini mbele ya miguu ya Mzee Mstari, akageuka kuondoka.

"Usiende," Mzee Mstari alisema.

"Eh?" Wimbo ulikuwa juu.

"Nakuomba usiende. Simama hapa, nyuma yangu. Mpaka wimbo uishe tu."

Mhudumu alimwangalia mchungaji, akaangalia kikapu, kisha akamwangalia yeye, kwa uso wa mtu aliyeombwa kitu ambacho hajui kama anacho. Halafu akazunguka. Mzee Mstari alimsikia akipumua kwa nguvu, karibu kabisa na sikio lake.

"Naweka mkono wapi?" mhudumu alinong'ona.

"Popote tu, ndugu yangu."