Ukuta wa Langoni

Sherehe za kampuni zikikaribia, mchora mabango huitwa kupaka upya historia ya kampuni hiyo kwenye ukuta wa langoni: mwaka kiwanda kilipofunguliwa, mwaka chuma chake kilipouzwa ng'ambo, mwaka wa tanuri jipya. Hupaka akipiga mluzi, mkono umeegemea kijiti usitetemeke. Akifika kwenye tanuri jipya, mluzi hukatika. Maneno hayo huyapaka taratibu, akamaliza, akayarudia. Jana mlinzi wa geti alimtania, "Mzee, hilo tanuri umelipenda kweli." Mchoraji akachovya brashi, akaikung'uta ukingoni mwa kopo. "La zamani lilimpasukia kaka yangu," alisema. "Hatukupata hata cha kuzika. Wenzangu wana makaburi ya kupalilia. Mimi napaka rangi."