Nilimtuliza Bobi, Baba Akamtoa

Leo baba yangu amenisaliti, sebuleni, mbele ya mgeni.

Wengi mnamjua mbwa wetu Bobi. Mlango ukigongwa tu, anatetemeka, anabweka, anarukia watu.

Baba alitaka kumwondoa, kisha akasema, "Akinyamaza mbele ya wageni, atabaki."

Nikasoma kila nilichopata kuhusu mbwa waoga. Nikamzoesha, hodi ikipigwa, aje kulala miguuni pangu, nimpapase shingo polepole mpaka pumzi yake itulie.

Leo baba mdogo amekuja kutoka Buterere. Akabisha hodi. Bobi akaja, akalala. Kimya kabisa! (Nilikaribia kulia kwa furaha.)

Baba mdogo akacheka. "Eh, mukubwa, hii imbwa ni muzuri! Iko na adabu kushinda batoto bangu."

Na baba yangu, mgeni akisifu kitu chake, huona haya asipokitoa.

"Basi umupeleke. Ni wako."

"Papa! Ulisema atabaki!"

"Apana, we mutoto, usinipatishe haya mbele ya mugeni."

Bobi akafungwa kamba. Nilimwomba Mungu amfanye abweke, aruke, akatae.

Alitoka kimya, kama nilivyomfundisha.

Niambieni ukweli: ningemwacha abweke tu, si angekuwa hapa sasa?