Mwanakombo Alivyolala Langoni mwa Kambale

Inatangazwa kwa wananchi wote wa Kitaya, pamoja na viumbe wote wenye mapezi, kwamba Bi Mwanakombo Chilumba, mbanika samaki wa kando ya Mto Ruvuma, ametunukiwa cheo cha Mlinzi Mkuu wa Kambale, kwa madaraka niliyojipa mwenyewe. Tafadhali simameni.

Kambale wa Kitaya wanaishi chini ya serikali mbili. Walianza watu wa samaki: wakasimika kibao kwenye mfereji unaotoka mtoni kwenda bwawani, ENEO LA MAZALIA, UVUVI MARUFUKU, wakaondoka. Wakafuata watu wa maji, wakajenga lango la chuma mle mle mferejini ili bwawa litunze maji ya mpunga. Kile kibao wakakitundikia makoti. Tangu hapo kambale akawa analindwa dhidi ya kila mtu isipokuwa serikali.

Lango lenyewe halina kosa. Hata Mwanakombo ana jaruba lake la mpunga. Shida ilikuwa tarehe. Mto ukianza kufurika, kambale hupanda mfereji kwenda kutaga bwawani. Wakishaingia, funga upendavyo. Lakini uzinduzi ulipangwa kabla hawajapita, maana wiki iliyofuata mgeni rasmi alikuwa na uzinduzi mwingine. Lango likifungwa siku hiyo, bwawa lingejaa maji matupu kama supu ya hoteli, na vichanja vya Mwanakombo, anavyobanikia samaki wa kupeleka Mtwara mjini, vingegeuka vitanda vya kuku.

"Subirini kidogo tu," alimwambia injinia wa lango, Hashimu, Myao wa Tunduru.

"Mama, ratiba imeshatoka."

"Na kambale wameipata?"

"Tutawajulisha."

Siku ikafika. Maturubai, spika, chupa za maji zimepangwa mezani, Ruvuma nzima ikipita nyuma yake. Mgeni rasmi akashika usukani wa lango, akatabasamu kwa ajili ya picha, akatazama chini. Ndani ya mfereji, chini kabisa ya lango, amelala Mwanakombo chali, maji yakimlamba mbavu, kanga hadi kidevuni.

"Huyu anaumwa?"

Hashimu akashika kichwa. Alishaelewa. Wamakonde na Wayao ni watani, na kwenye msiba mtani huweza kuingia kaburini kabla ya maiti, akalala, akagoma kutoka mpaka apewe anachotaka. Mfiwa haruhusiwi kununa.

"Si mnamzika kambale?" Mwanakombo akapaza sauti. "Basi mtani nimewahi nafasi yangu!"

Watu wakalipuka kwa kicheko.

"Toka humo, Mmakonde wewe, nitakununulia panya ubanike!" Hashimu akajibu.

"Kelele, Myao! Siku ya jando ulilia mpaka Msumbiji wakafunga madirisha!"

Hashimu alijitahidi kubaki injinia, akashindwa. Alicheka hadi kofia yake ngumu ikadondokea mferejini. Akachomoa noti, akainama, akampa. Mwanakombo akaipokea, akaifunga kwenye pindo la kanga.

"Hii ya salamu. Bado ya kaburi."

"Polisi yuko wapi?" akauliza mgeni rasmi.

"Yule pale, mheshimiwa, anafuta machozi ya kicheko," akajibu Hashimu. "Na mimi nikimtoa huyu mama kwa nguvu, siku yangu ya kufa watani hawatanizika. Wataniacha juani."

"Kwani anataka nini?"

"Lango libaki wazi mpaka kambale wapite."

Mgeni rasmi akatazama saa. Akatazama kamera. Kisha, kwa taadhima zote, akazungusha usukani upande wa kufungua. Lango lililokuwa wazi likazinduliwa rasmi kuwa wazi zaidi. Makofi, vigelegele, soda.

Wiki ile ile mto ukapanda. Kambale wakapita wamebanana, masharubu mbele kama wazee wanaokwenda kwenye pilau, na Hashimu akawafungia lango kwa nyuma.

Mavuno ya bwawa yalipoanza, nikamfuata Mwanakombo kichanjani, nikasimama wima, nikamsomea tangazo langu lote. Alisikiliza mpaka mwisho huku akigeuza samaki juu ya moshi.

"Mimi kambale hata sili," akasema. "Wananuka tope."